Lüderitz: almasi imekwenda, upepo umebaki

Kama ilivyo kawaida ya kona hii, mimi natembea, wewe unasoma, na nauli nalia nayo mwenyewe.

Leo tunahama Bongo kidogo. Tunakwenda kusini-magharibi kabisa mwa Namibia, kwenye mji wa pwani unaoitwa Lüderitz. Hizo nukta mbili juu ya herufi zisikutishe, ni mambo ya Wajerumani. Wewe tamka unavyoweza, wenyeji watakuelewa.

Kwa nini Lüderitz? Kwa sababu vijiweni kwetu kila mtu ana ndoto ya madini. Kaa Manzese jioni moja tu utamsikia mshikaji anayepanga kwenda Mirerani. Nenda Mwanza, mwenzake anapiga mahesabu ya Geita. Wote wanaongea kana kwamba jiwe likishatoka ardhini, raha inajileta yenyewe. Basi mimi nimekwenda kwenye mji ambao watu waliwahi kuokota almasi juu ya mchanga, kama wewe unavyookota makombe pale Coco Beach. Nilitaka nione wenyewe wamebaki na nini.

NJIA NI NDEFU, MCHANGA NI MREFU ZAIDI

Safari yenyewe usiombe. Dar hadi Lusaka kwa basi, kupitia Tunduma, ambako foleni ya mpakani ilinifanya nisome gazeti moja mara tatu mpaka matangazo ya vifo. Lusaka hadi Windhoek basi jingine, mnaingilia Katima Mulilo na kupita kwenye ule ukanda mwembamba wa Namibia uliochomoza kama mpini wa kikaango. Windhoek hadi Keetmanshoop, siku nyingine hiyo. Halafu Keetmanshoop hadi Lüderitz, kilomita kama 330, na humo ndimo utakapoamini kuwa nchi inaweza kuwa tupu.

Namibia haijapungua sana ukubwa wa Tanzania, lakini sensa yao ya mwaka 2023 ilihesabu watu milioni 3 tu. Sisi sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61 na ushee. Unaweza kusafiri saa nzima humuoni mtu hata anayeuza mahindi ya kuchoma. Ukishapita mji mdogo wa Aus, ukiwa na bahati utawaona farasi wa jangwani, wanaosadikiwa kuwa ni kizazi cha farasi walioachwa enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Wamekondeana lakini wanajidai ile mbaya.

Karibu na mjini, barabara ya lami inaanza kuvamiwa na mchanga. Kuna alama za barabarani za kukutahadharisha, kama kwetu zilivyo za ng'ombe. Mchanga unavuka lami ukiwa umeinama, mbio mbio, kama watu wanaokimbilia daladala ya mwisho. Mashine zinausukuma pembeni leo, kesho umerudi.

Mwenyeji wangu ni mshikaji niliyemaliza naye kidato cha nne. Mimi nikaangukia kwenye kalamu, yeye akaenda kusomea ufundi wa majokofu. Siku hizi anatengeneza vyumba vya barafu kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Alinipokea stendi, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kisha akacheka.

"Mtu wangu, hilo ndilo jaketi ulilokuja nalo? Hilo huku tunalalia."

Hakutania. Wewe unasikia jangwa, unafikiria joto la Dodoma mwezi wa kumi. Kumbe hapa kuna mkondo wa bahari unaoitwa Benguela, unaoleta maji ya baridi kutoka kusini. Maji yakiwa baridi, mvua haipatikani, unabaki ukungu na upepo. Ndiyo maana jangwa linafika mpaka ufukweni. Lakini baridi hiyo hiyo inaleta samaki wengi na kamba wale wakubwa wenye magamba magumu, ambao Wazungu wanawalipia pesa nyingi. Nilitumbukiza mguu mmoja baharini. Mguu wa pili ulikataa katakata.

MJI JUU YA MWAMBA

Lüderitz umekaa juu ya miamba mitupu. Hakuna mchanga mweupe na minazi, hakuna wauza madafu. Ni mawe meusi na ya kijivu, mawimbi yanajipigiza, na juu ya mawe hayo zimepangwa nyumba za Kijerumani zilizopakwa rangi za njano, bluu na waridi. Juu kabisa kuna kanisa la Felsenkirche, lililofunguliwa mwaka 1912. Dirisha la vioo vya rangi juu ya madhabahu ni zawadi ya Kaisari Wilhelm II mwenyewe. Jirani kuna jumba la Goerke, la mkubwa mmoja wa enzi za almasi, limekalia mwamba kama bibi harusi juu ya kiti.

Mtaa mkuu unaitwa Bismarck. Ndiyo, yule yule wa Mkutano wa Berlin, aliyetutesa kwenye mtihani wa historia.

Mshikaji wangu haishi mtaa huo. Anaishi Benguela, kitongoji kilichochukua jina la ule mkondo wa baridi. Huko nyumba ni ndogo, nyingine za mabati, na upepo ukivuma usiku unadhani kuna mtu anapiga ngoma juu ya paa. Majirani zake wanazungumza Kinama, Kioshiwambo na Kiafrikana, wakati mwingine vyote katika sentensi moja, kama sisi tunavyochanganya. Asubuhi kuna mama mmoja mtu mzima anauza maandazi kando ya njia. Yametofautiana na ya kwetu kidogo tu, hayana iliki. Watu wanamwita Ouma, yaani bibi. Nami nikamwamkia kwa heshima zote, akanizidishia moja. Adabu inalipa popote.

Huyu Ouma ndiye aliyenifungua macho kuhusu jina la mji. Nilimuuliza Lüderitz alikuwa nani. Akasema, "Mtu aliyekuja na kamba ya kupimia." Halafu akageukia mteja mwingine, akaniacha nihangaike mwenyewe.

MAILI YA NANI?

Nikahangaika, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wareno walikuwa wa kwanza kati ya Wazungu kufika. Bartolomeu Dias alitia nanga hapa mwishoni mwa mwaka 1487, na wakaiita Angra Pequena, yaani ghuba ndogo. Walisimamisha msalaba wa jiwe, wakaendelea na safari zao. Karibu miaka 400 baadaye, mwaka 1883, mfanyabiashara wa Bremen aitwaye Adolf Lüderitz akamtuma wakala wake, Heinrich Vogelsang, kwenda kununua ardhi kutoka kwa Josef Frederiks, chifu wa Wanama wa Bethanie.

Kwanza waliinunua ghuba yenyewe, kwa pauni 100 na bunduki 200. Miezi michache baadaye wakanunua ukanda wa pwani kwenda kusini hadi Mto Orange, kwa pauni 500 na bunduki 60. Mkataba ulisema ukanda huo utaingia bara maili 20.

Sasa hapo ndipo penye mchezo. Chifu alikuwa anaijua maili ya Kiingereza, ambayo ni kama kilomita 1.6. Piga mara 20, unapata kilomita 32, ukanda wa jangwa tu. Mjerumani akaja kudai kuwa maili iliyoandikwa ni ya Kijerumani, ambayo ni kama kilomita 7.4. Piga mara 20: kilomita 148! Karibu nchi yote ya yule mzee ilikuwa imekwenda na maji. Na Lüderitz hakuteleza kwa bahati mbaya. Alimwandikia wakala wake amwache mzee aendelee kuamini maili ya Kiingereza.

Ukisoma hapo lazima umkumbuke Mangungo wa Msovero, kule Kilosa. Mwaka 1884, mwaka mmoja tu baadaye, Karl Peters alimpa karatasi ya Kijerumani aweke alama yake, mzee akidhani anasaini urafiki. Shuleni tulikuwa tunamcheka Mangungo. Ukimkosa mwenzako kwenye dili unamwambia, "Usinifanye Mangungo." Nikiwa Lüderitz nilijiuliza, hivi tunamcheka kwa lipi? Karatasi iliandikwa kwa lugha asiyoijua, na vipimo alivyo navyo mwenzake mfukoni. Frederiks alikuwa mtu aliyezoea biashara na mikataba, na bado alipigwa.

Adolf Lüderitz mwenyewe hakufaidi. Mwaka 1886 aliondoka kwenye mdomo wa Mto Orange kwa mashua ndogo akirudi ghubani, hakuonekana tena. Mji ukapewa jina lake. Mwaka 2013 serikali ya Namibia ilibadili jina la jimbo la uchaguzi la hapo, ikalirudishia jina la Kinama, ǃNamiǂNûs. Hizo alama ni sauti za kugonga ulimi. Nilijaribu kulitamka mbele ya watoto wa Ouma, wakaanguka chini kwa kicheko. Mji wenyewe umebaki na jina la Mjerumani, na wenyeji hawakubaliani kama libaki au liondoke.

KISIWA AMBACHO HUPIGI PICHA ZA KUCHEKA

Kutoka mtaa wa Bismarck unatembea kwa mguu mpaka Shark Island, yaani Kisiwa cha Papa. Siku hizi si kisiwa tena, kimeunganishwa na nchi kavu. Kwa miaka mingi sehemu yake imetumika kama kambi ya watalii, watu wanapiga mahema na kuchoma nyama huku wakitazama jua linavyozama.

Kati ya mwaka 1905 na 1907, Wajerumani walifanya hapo kambi ya mateso. Miaka ile ile ambayo babu zetu kusini walikuwa wanapigana Maji Maji, huku Waherero na Wanama walikuwa wamesimama dhidi ya serikali hiyo hiyo. Waliokamatwa, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa kwenye mwamba huu usio na kivuli. Nimekueleza habari za upepo na baridi nikiwa na jaketi na blanketi la kuazima. Wao hawakuwa na vitu hivyo. Inakadiriwa waliokufa hapo ni kati ya 1,000 na 3,000. Mmoja wao ni Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, aliyefariki Februari 1907. Jiwe la kumbukumbu yake lipo hapo kisiwani.

Mafuvu ya baadhi ya waliouawa katika vita ile yalipelekwa Ujerumani kufanyiwa ule upuuzi uliokuwa ukiitwa utafiti wa rangi. Baadhi yalirudishwa Namibia mwaka 2011, 2014 na 2018. Msomaji wa Old Moshi najua umeshamkumbuka Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, ambaye kichwa chake ukoo wake umekitafuta miaka na miaka.

Kisiwa kilitangazwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2019. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita yaliyotokea mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 katika miaka 30, na wazao wengi wa waliouawa wakalalamika kwamba hawakukaa mezani. Tarehe 28 Mei 2025 Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya kitaifa ya kuwakumbuka.

Nimekupitisha hapa kwa sababu moja zaidi. Wafungwa wa kambi ile ndio waliotumikishwa kujenga reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara. Ilifika Aus mwaka 1906. Bila reli hiyo, hadithi ya almasi isingeanza ilivyoanza.

ALIYEOKOTA NA ALIYEKULA

Reli ikipita jangwani inafunikwa na mchanga, kwa hiyo lazima wawepo watu wa kuufagia. Mmoja wa vibarua hao mwaka 1908 alikuwa Zacharias Lewala. Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo almasi alikuwa anaijua. Mwezi Aprili, akiwa kazini karibu na stesheni ya Grasplatz, akaona kijiwe kinang'aa. Akakichukua, akampelekea msimamizi wake, Mjerumani aitwaye August Stauch.

Stauch hakupiga kelele. Alijikatia kwanza vibali vya kutafuta madini eneo hilo, kisha ndipo akaitangazia dunia. Akawa milionea. Lewala, kwa kadiri kumbukumbu zinavyoeleza, hakulipwa hata senti ya ugunduzi wake, na habari zake zinaishia hapo hapo kama moshi. Stauch naye utajiri wake uliliwa na mdororo wa uchumi wa dunia, akafa fukara mwaka 1947. Lakini angalau tunajua alikufa lini.

Hii nayo si ya kuichekea ukiwa Bongo. Tanzanaiti iligunduliwa Mirerani mwaka 1967, na kwa miongo mingi Jumanne Ngoma alikuwa akisema ndiye aliyeiona kwanza. Serikali ilimkabidhi shilingi milioni 100 mwaka 2018, miaka 51 baadaye. Mwaka uliofuata akafariki. Upande wa pili yuko Saniniu Laizer, aliyeuza mawe mawili ya tanzanaiti mwaka 2020 kwa shilingi bilioni 7.7, akaondoka na hela yake mchana kweupe. Tofauti ya Laizer na Lewala ni leseni. Laizer alikuwa na karatasi yenye jina lake. Lewala alikuwa na ufagio.

KOLMANSKOP: RAHA ILIYOFUNIKWA

Baada ya kijiwe cha Lewala, watu walifurika. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1908, serikali ya Kijerumani ikalifunga eneo lote, kuanzia Mto Orange kwenda kaskazini na kuingia bara kilomita 100. Likaitwa Sperrgebiet, eneo lililopigwa marufuku. Ndani yake, kama kilomita kumi kutoka Lüderitz, ukachipuka mji wa Kolmanskop.

Mshikaji wangu aliomba ruhusa kazini tukaenda asubuhi. Bwana we! Katikati ya jangwa lisilo na tone la maji, hawa jamaa walikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, ukumbi wa dansi na michezo ya kuigiza, sehemu ya kuchezea mpira wa kuangusha vigingi, duka la nyama, mikate, shule, mpaka bwawa la kuogelea. Maji ya kunywa mwanzoni yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town. Kulikuwa na kiwanda cha barafu, na kila nyumba ya Mzungu ilipelekewa barafu yake mlangoni kila siku.

Hapo kwenye barafu ndipo mwenzangu alipodata. Nusu saa nzima anachungulia mabomba, ananionyesha gesi ilikuwa inapita wapi. "Hii kazi ilifanywa na mafundi, ujue," akasema. "Hawa walikuwa wanajua." Mimi namwambia twende tukapige picha, yeye amepiga magoti mbele ya bomba.

Upande wa vibarua hadithi ilikuwa nyingine. Wengi walitoka Uwambo, kaskazini, kwa mkataba. Waliacha wake na watoto, wakalala bwenini, wengi chumba kimoja. Ile eksirei ya hospitali iliyokuwa fahari ya mji ilitumika pia kuwamulika matumboni, kama wamemeza almasi. Nani alikuwa anawamulika wakubwa, sijui.

Kisha mwaka 1928 zikaonekana almasi kubwa zaidi kule kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange. Watu wakaanza kuhama, wengine wakaacha hata viti na vitanda. Wa mwisho waliondoka mwaka 1956, na tangu hapo mwenye nyumba ni mchanga.

Unaingia chumba, mchanga umefika kiunoni. Mlango umebaki nusu wazi, haufunguki wala haufungiki. Kuta zina rangi ya bluu iliyopauka na maua yaliyochorwa kwa mkono. Jua linapenya dirishani, mchanga unang'aa. Ni pazuri ajabu, kusema kweli, na vijana wanakwenda hapo kupiga picha za kupamba simu zao. Lakini nyumba ya mhandisi na nyumba ya mwalimu zote mchanga umezijaza sawasawa. Kwenye kitongoji cha Benguela sikuona nyumba hata moja iliyojengwa kwa pesa ya almasi ya Kolmanskop.

Niwe mkweli, almasi ya Namibia haijaisha. Nyingi siku hizi zinafyonzwa kwa meli kutoka chini ya bahari, na tangu mwaka 1994 serikali ina nusu ya kampuni ya Namdeb pamoja na De Beers. Hiyo ni hatua kubwa. Sehemu kubwa ya lile eneo la marufuku imefanywa hifadhi ya taifa. Lüderitz wenyewe unaishi kwa samaki, kamba, bandari, watalii, na wale vichaa wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara.

SASA UPEPO NAO UMEPATA WACHUMBA

Jioni ya mwisho tulikaa chumbani kwa mshikaji, upepo unagonga mabati, sufuria ya samaki katikati. Alikuwa kanuna. Mwenye nyumba alikuwa amempa taarifa kwamba kodi inapanda.

"Kwa nini, amekarabati?"

"Hajagusa hata msumari. Anasema mafuta yanakuja."

Ndiyo habari ya mji kwa sasa. Mwaka 2022 Shell na TotalEnergies walitangaza kuona mafuta kwenye bahari ya mbali, kusini mwa nchi. Mwaka 2023 serikali ikasaini mkataba na Hyphen, ubia wenye kampuni ya Kijerumani ndani yake, wa mradi wa haidrojeni unaotajwa kugharimu dola za Marekani bilioni 10. Yaani watatumia umeme wa jua na huu upepo unaotutesa, wapasue maji, watoe gesi ya kuuza Ulaya. Serikali imewekewa nafasi ya hisa asilimia 24. Mahali pa kujenga ni kule kule kwenye lile eneo la marufuku la zamani.

Mafuta hayajatoka. Gesi haijatoka. Kodi ya mshikaji imeshatoka.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kulaani. Anataka kazi hizo zije. Fundi wa majokofu anajua kabisa gesi ni kitu gani na ina soko gani. Tatizo lake lilikuwa jingine. "Watu wanakuja na mikutano, wanatuonyesha picha nzuri. Wanasema ajira zitakuwa nyingi kwa wenyeji. Mimi nauliza, mwenyeji ni nani? Aliyezaliwa hapa Benguela, au aliyehamia wiki iliyopita kutoka mji mkuu? Kazi ya miaka mingapi? Ya ufundi au ya ufagio? Wananiambia nisiwe na haraka."

Nikamwambia, "Waulize maili yao ina urefu gani."

Tukacheka, tukamaliza samaki. Lakini tangu hapo hilo swali halijanitoka, na ndilo nililokubebea zawadi, msomaji wangu. Wewe huenda hutakwenda kuchimba popote. Lakini utasaini kitu: mkataba wa kazi ya Uarabuni, mkataba wa kurekodi nyimbo zako, mkopo wa bodaboda, pango la chumba. Mwenye karatasi anajua kila neno lililomo lina urefu gani. "Faida" ni baada ya kutoa nini? "Mwezi" ni siku ngapi? "Mwenyeji" ni nani? Uliza kabla kalamu haijagusa. Ukiambiwa usiwe na haraka, wewe ndiye wa kusema hivyo, si yeye.

VIDOKEZO KWA ANAYETAKA KWENDA

Beba jaketi la kweli, hata kama ni Januari. Kolmanskop nenda asubuhi, maana mchana upepo unakuchapa mchanga mpaka kwenye meno, na lazima ulipie kibali cha kuingia. Usiokote kijiwe chochote hata kikikukonyeza, kukutwa na almasi ghafi bila idhini ni jela. Fika ufukwe wa Dias Point uuone msalaba, na ng'ambo yake kisiwa cha Halifax chenye pengwini. Kwenye Kisiwa cha Papa tembea taratibu. Na ukipita Benguela, nunua maandazi kwa Ouma. Iliki beba mwenyewe.

Haya, kwaherini kwa leo. Tukutane wiki ijayo hapa hapa, panapo majaliwa.